Ripoti ya tume ikabidhiwe nani?

Kenya ikiunda tume ya uchunguzi, kejeli hutangulia: majaji watakula marupurupu, mashahidi watalia mbele ya kamera, ripoti italiwa na mende Ikulu. Kejeli ina sababu, ila inamwangukia asiye na kosa. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano ya kikabila, yakiwemo ya Likoni, Mombasa, ya 1997, ikawataja watu kwa majina na kutaka wachunguzwe zaidi. Ripoti ilikabidhiwa 1999. Wananchi waliiona 2002.

Miaka mitatu hiyo hainitoki kichwani. Tume ilimaliza kazi. Aliyepokea ndiye aliyekalia. Kisheria rais huunda tume, huipa hadidu za rejea, kisha hupokea ripoti, na wanaochunguzwa mara nyingi ni mawaziri wake au polisi wake! Tume ya mauaji ya Robert Ouko, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, haikufika hata hapo; Rais Moi aliivunja 1991 ikiwa bado inasikiliza mashahidi.

Jaji Waki, aliyeongoza tume ya ghasia za uchaguzi wa 2007, alilisoma hilo mapema. Mwaka 2008 majina ya washukiwa wakuu wa ghasia hizo aliyatia kwenye bahasha, akampa mpatanishi Kofi Annan, kwa sharti kwamba mahakama maalumu isipoundwa nchini, bahasha iende Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Februari 2009 mswada wa mahakama hiyo ukaanguka bungeni; Julai bahasha ikaenda. Kesi ziliporomoka, ya mwisho 2016, lakini hakuna aliyeweza kuzifungia kabatini.

Wanaohofia ripoti kuwekwa wazi mara moja wana hoja. Tume si mahakama, husikiliza hata tetesi, na jina likishachafuka halisafishiki kirahisi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamuru jina la George Saitoti, aliyewahi kuwa makamu wa rais, lifutwe kwenye ripoti ya tume ya kashfa ya Goldenberg. Basi atakayetajwa vibaya aonyeshwe tuhuma mapema, apewe muda wa kujibu. Hilo halihitaji ripoti ilale Ikulu.

Ningependa ifike bungeni siku ileile inapofika kwa rais, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma apewe miezi sita aeleze kwa maandishi nani anashtakiwa, nani kaachwa, na kwa nini. Bunge nalo si malaika: ripoti ya tume ya ukweli, haki na maridhiano ya 2013 ilikwama mikononi mwake kwa miaka. Kwa hiyo ichapishwe siku hiyohiyo, wabunge wajadili kitu ambacho wapiga kura wameshakisoma.