Mlango wa Bahari Nyeusi ni wa Mturuki, na afadhali ubaki kwake

Bei ya unga wa ngano ikipanda hapa Amu, yaani Lamu, utasikia barazani watu wanalaumu serikali, wanalaumu mwenye duka, wanalaumu mpaka mwenye boti anayevusha mzigo kutoka Mokowe, na kila mtu ana sababu yake, lakini mimi tangu 2022 nasema tunasahau pahali pamoja ambapo wengi wetu hata kwenye ramani hatungepaonyesha. Kenya ngano nyingi tunanunua nje, na sehemu kubwa ya hiyo imekuwa ikitoka Urusi na Ukraine, na ngano ya hao wote wawili ikitaka kuja huku kwa meli inapita Bahari Nyeusi. Kwa hivyo mahamri ya asubuhi yana siasa ndani yake, penda usipende.

Sasa hiyo bahari. Imezungukwa na nchi sita: Uturuki, Bulgaria, Romania, Ukraine, Urusi na Georgia. Si dimbwi, ina zaidi ya kilomita za mraba laki nne na kina chake kinapita mita 2,000. Lakini maji yote hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea baharini, nao ni Bosphorus, unaopita katikati ya mji wa Istanbul, na pale pembamba kabisa ni kama mita 700 tu. Mita 700 bana! Mtu wa hapa anavuka hizo kwa dau la makasia bila hata kufikiria. Ukitoka hapo unaingia bahari ya Marmara, halafu mlango mwengine wa Dardanelles, ndio ufike Mediterania, na milango yote miwili iko mikononi mwa Mturuki.

(Kwa wavuvi wanaosoma hapa: kule ukishuka chini ya mita 200 hivi hakuna samaki, manake maji ya chini hayana oksijeni, yamejaa gesi ya salfa ile yenye harufu ya mayai viza. Samaki wote wanaishi juu juu tu. Na pale Bosphorus mkondo wa juu unatoka nje na wa chini unaingia ndani, saa hiyo hiyo moja. Nahodha wetu akipelekwa huko kwanza atakaa kimya siku nzima anaangalia maji.)

Mambo ya nani apite nani asipite yaliandikwa 1936 kwenye mkataba wa Montreux, huko Uswisi. Kwa ufupi, meli za biashara wakati wa amani zinapita bila kuzuiwa. Manowari za nchi ambazo hazina pwani kwenye Bahari Nyeusi zinaruhusiwa kukaa siku 21 tu, na uzito wake kwa jumla una kikomo. Na kukiwa na vita ambavyo Uturuki haimo, manowari za wanaopigana hazipiti, isipokuwa zile zinazorudi kwenye bandari zao. Mkataba wa zamani za babu zetu, na ndio unaofanya kazi mpaka leo.

Februari 2022 Urusi ilipoingia Ukraine, Uturuki ikakaa siku chache ikasema hii ni vita, halafu ikafunga mlango. Na haikufungia wanaopigana peke yao, ikawaambia na wengine wote wasilete manowari. Hapa ndipo mimi nagombana na watu, manake wengi wanasema Erdogan, rais wa Uturuki, ni kigeugeu, anawauzia Ukraine droni za Bayraktar mkono huu, na mkono huu ananunua gesi ya Urusi, tena yumo NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na vikwazo vya wenzake juu ya Urusi hakuviingia. Yote kweli. Lakini angalia kilichotokea. Urusi ilipopoteza manowari Moskva Aprili 2022, ile ndiyo iliyokuwa meli kuu ya kikosi chao cha Bahari Nyeusi, haikuweza kuleta nyengine kutoka vikosi vyake vya kaskazini au vya Pasifiki kuziba pengo. Na manowari za Marekani na Uingereza nazo zikabaki nje, kwa hivyo hakukutokea ile ajali ya meli ya NATO na meli ya Urusi kugongana usiku halafu dunia nzima ikawaka. Mimi bawabu simtaki awe rafiki yangu, nataka asimame mlangoni tu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Ukraine haikuwa na manowari za maana lakini ikawafukuza wenye manowari. Walitengeneza vijiboti visivyo na mtu, kimoja kinaitwa Magura, urefu wake mita tano na nusu hivi, kimelala chini karibu na usawa wa maji, kina kamera na baruti mbele, na mtu anakiendesha kutoka mbali kwa setilaiti. Vinakwenda kadhaa pamoja usiku. Februari 2024 vilizamisha meli ya Urusi inayobeba vifaru, Tsezar Kunikov. Kidogo kidogo kikosi cha Urusi kilichokuwa Sevastopol, bandari ya Crimea, kikahamisha meli zake nyingi mashariki, Novorossiysk, bandari ya Urusi yenyewe. Hii ni habari ya sisi watu wa pwani pia, manake vyombo kama hivi ni rahisi kutengeneza, na sisi tunajua ilivyo mtu akiamua bahari isiingiwe usiku, wavuvi wa Lamu walikatazwa miaka kwa miaka kuvua usiku kwa sababu ya usalama na njaa iliingia majumbani.

Crimea yenyewe, ile rasi ya Ukraine ambayo Urusi iliichukua 2014, watu wanaizungumza kama hadithi yake ilianza mwaka huo. Hapana. Crimea ilikuwa na dola yake ya Waislamu, Matatari, chini ya Waothmani, ile dola ya zamani ya Waturuki. Mwaka 1774 Urusi ikawashinda Waothmani, ikasema haya, Crimea sasa ni huru, sisi tutakuwa tunaiangalia tu. Miaka tisa baadaye, 1783, ikaimeza yote na ikaanza kujenga Sevastopol. Mtu wa Amu hii hadithi anaijua kwa jina lingine. Sisi karibu 1812 tuliwapiga Wamazrui wa Mombasa na watu wa Pate pale Shela, maji yalipotoka majahazi yao yakakwama mchangani wakakosa pa kukimbilia, tukashinda vizuri sana, halafu kwa kuogopa watarudi tukaenda kumuita Sayyid Said wa Oman atulinde. Akatulinda. Ngome ndiyo hiyo hapo Mkunguni, na liwali akaja nayo. Mlinzi akishafungua mizigo ndani ya nyumba ni nani atamwambia aondoke? Georgia wanajua, baada ya vita vya 2008 majeshi ya Urusi yamebaki Abkhazia, na hiyo ni pwani yao ya Bahari Nyeusi.

Turudi kwenye unga. Julai 2022 Umoja wa Mataifa na Uturuki waliwapatanisha Urusi na Ukraine kuhusu nafaka tu, mkataba ukatiwa saini Istanbul. Meli ikitoka Odesa, bandari ya Ukraine, ilikuwa inafuata njia maalum, ikifika Istanbul inapandwa na wakaguzi wa pande nne, Urusi, Ukraine, Uturuki na UN, wanaangalia haina silaha, inaendelea. Ya kwanza ilikuwa Razoni, Agosti 1, na mahindi tani elfu 26. Mwezi huo huo meli nyengine ikaleta ngano Djibouti kwa ajili ya Ethiopia. Kwa mwaka mmoja zikatoka karibu tani milioni 33. Julai 17, 2023 Urusi ikajitoa, na katibu wetu wa mambo ya nje Korir Sing'Oei akaandika wazi kwamba ni kisu cha mgongoni kwa nchi zilizokuwa na ukame huku kwetu. Alisema sawa. Urusi ikajibu kwamba nafaka nyingi zilikwenda kwa matajiri, na hilo nalo kweli, China ndiyo iliyochukua nyingi zaidi, lakini soko ni moja, China akipata kwa Ukraine hatanyang'anyana na sisi kwengine. Siku zilizofuata makombora na droni vikaanza kupiga bandari za Odesa na zile za mto Danube, maghala ya nafaka yakaungua.

Ukraine ikafungua njia yake yenyewe Agosti, meli zinabana kando ya pwani ya Romania na Bulgaria mpaka Bosphorus, na imefanya kazi kuliko wengi tulivyodhani, sababu kubwa ni vile vijiboti.

Linalonitia wasiwasi kwa huyo bawabu ni ule mfereji anaotaka kuuchimba, Kanal Istanbul, kilomita 45 pembeni ya Bosphorus. Wakuu 104 wastaafu wa jeshi la majini la Uturuki waliandika barua 2021 kuutetea mkataba wa Montreux, na baadhi yao wakakamatwa. Mfereji ukichimbwa watu wataanza kubishana kama mkataba wa Montreux unauhusu au hauuhusu, na mabishano ya aina hiyo hutatuliwa na mwenye manowari nyingi.

Kwa sasa mimi nafuatilia Novorossiysk kuliko Odesa. Ndiko manowari zilikokimbilia, na ndiko inakotoka sehemu kubwa ya ngano ya Urusi, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa wa ngano duniani, na mafuta mengi ya Kazakhstan yanapakiwa jirani hapo hapo. Meli ya vita na meli ya unga kwenye bandari moja, na vijiboti tayari vimeshafika huko.