Mionzi ni mionzi? Kiasi gani, mzee wangu?

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali karibu saa nzima nasubiri mtu wangu atoke vipimo, pembeni yangu mzee mmoja mchangamfu kweli, ana fomu yake ya siti skani ya tumbo, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mionzi ya eksirei, kwenye tivii ya ukutani wakaanza kubishana nyuklia na sola ipi bora, basi mzee akalipuka. "Hawa wanataka kutumaliza. Mionzi ni mionzi, haina ndogo wala kubwa!" Na fomu ya siti skani mkononi, jamani. Mkononi!

Pale nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake, ila lilinikaa kooni mpaka leo.

Siti skani moja ya tumbo inakupa kama milisiverti 8 hadi 10 hivi, hicho ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Mtu wa kawaida duniani anapata wastani wa 2.4 kwa mwaka bila kusogelea kinu chochote, inatoka ardhini, inatoka angani, inatoka kwenye gesi ya radoni ndani ya nyumba, hata mwilini mwake mwenyewe maana potasiamu tuliyonayo nayo ina mionzi yake. Jirani wa kinu cha nyuklia kinachofanya kazi vizuri anaongezewa kitu ambacho kwa kawaida hakifiki hata asilimia moja ya hiyo 2.4. Kwa hiyo mzee wangu alikuwa anaenda kupokea kwa dakika chache dozi ya asili ya miaka mitatu minne, na ni sawa kabisa, apokee, daktari anataka kujua tumboni kuna nini. Lakini basi usiniambie haina ndogo wala kubwa. Ukitaja mionzi bila kutaja kiasi unanitajia jini tu.

Kiasi gani, halafu nani anaangalia. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana hakuna anayeliuliza. Mnaijua habari ya Goiânia, Brazil, 1987? Hakukuwa na kinu cha umeme pale. Ilikuwa mashine ya kutibia saratani iliyoachwa kwenye jengo la kliniki iliyohama, watu wawili wakaingia, wakang'oa chuma wakauze skrepa. Mwenye skrepa usiku akaona ndani kuna kitu kinatoa mwanga wa bluu, akakipenda, akaita ndugu na marafiki waje kuona, wakagawana ule unga kama zawadi, wengine wakajipaka. Ilikuwa sesiamu 137, kitu chenye mionzi mikali. Mtoto wa miaka 6 aliuchezea, akala chakula kwa mikono ileile. Wakafa watu wanne, naye akiwemo, na watu zaidi ya laki moja wakapimwa kuona kama umewapata. Mashine ya kuponya watu! Iliyoua pale ni kufuli ambayo hakuna aliyekwenda kuiangalia.

Najua mtaniletea Chernobyl, kile kinu cha nyuklia kilicholipuka Ukraine. Leteni, siitetei. Watu 28, wafanyakazi na wazimamoto, walikufa kwa mionzi mikali ndani ya mwaka uleule wa 1986, na watoto wengi wakaja kupata saratani ya tezi ya shingo baada ya kunywa maziwa yenye iodini ya mionzi huku wakubwa wameuchuna. Dunia ilikuja kushtuka pale viatu vya mfanyakazi wa kinu cha Forsmark, Sweden, vilipoipigisha kelele mashine ya ukaguzi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenye ajali! Viatu ndio vilisema ukweli.

Na woga nao unaua, tusijidanganye. Fukushima, Japani, 2011, tsunami ilipoharibu kinu cha nyuklia na watu wakahamishwa, wagonjwa wazee walitolewa vitandani haraka haraka wakapakiwa kwenye mabasi, masaa na masaa bila huduma, makumi wakafa njiani au muda mfupi baadaye. Vifo vilivyohesabiwa kutokana na shida za kuhama na kuishi ukimbizini mkoani pale vimepita 2,000. Kifo ambacho serikali ya Japani imekubali kwamba kimeletwa na mionzi yenyewe ni kimoja.

Sasa mashabiki wa nyuklia msianze kushangilia, nanyi mna yenu. Kinu cha Olkiluoto 3 kule Ufini kilianza kujengwa 2005, kikaahidiwa kuwa tayari 2009, kikaanza kutoa umeme wa kawaida 2023. Miaka kumi na nane! Sola unaifunga leo baada ya miezi inawaka, hapo sina ubishi, nakubali shingo upande. Usiku je? Betri, sawa, zinakuja. Ila Ujerumani kuzima vinu vitatu vya mwisho Aprili 15, 2023 huku makaa ya mawe bado yanafuka, hiyo sijui nani aliwapigia hesabu. Moshi ule hauna filamu za kutisha ndio maana.

Taka za nyuklia? Wafini wamechimba mwamba zaidi ya mita 400 kwenda chini wazizike, wengine bado mnafanya mikutano.

Basi mzee akaitwa. Akaniachia koti lake, akaingia kwenye ule mlango wenye alama ya njano bila hata kuitazama. Akatoka kama dakika kumi hivi, akavaa koti, akakaa, akafikiri kidogo. "Hivi kijana, hii mashine yao huwa inakaguliwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Tukaenda wote kuuliza dirishani, dada wa mapokezi akatutazama kama watu waliopotea njia, akatuambia tukae tusubiri majibu.