Bei Mbili za Chumba Kimoja

Jamaa yangu ana nyumba ya wageni Shela, kando kidogo ya mji wa Lamu. Alimtumia mgeni bei kwa barua pepe: 9,000 imepigwa mstari mwekundu, kando yake 7,000. Mgeni yule husoma barua zake bila mapambo. Alichokiona ni "9,000 7,000". Akajumlisha, akashtuka, akatafuta kwengine.

Tangu kanuni za MIME, za kupanga yaliyomo ndani ya barua pepe, zilipotoka mwaka 1992, barua moja yaweza kubeba nakala mbili: yenye mapambo, ambayo siku hizi huandikwa kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, na ya maandishi matupu. Programu ya mpokeaji huchagua ile inayoiweza au iliyoagizwa na mwenyewe. Lakini ile nakala tupu ni nadra kuandikwa na mtu. Programu ya mtumaji huizalisha yenyewe, naye mtumaji kwa kawaida haioni. Programu ya barua pepe ya Thunderbird, kwa mfano, huzungushia herufi nzito vinyota, na za mlazo huzitia kati ya mikwaju (/). Rangi haina alama, hupotea. Mstari wa kukata nao mara nyingi hauachi hata kovu. Jedwali, usiseme.

Wanaopenda maandishi matupu wana hoja nzito, nami nawaelewa. Barua huwa nyepesi, jambo kubwa pale mtandao unaposuasua. Vipicha visivyoonekana, vinavyomjulisha mtumaji kwamba umefungua barua yake, havipakuliwi. Na pale programu inapoandika anwani kamili kando ya kiungo, tapeli huumbuka: maneno yasema benki, anwani yaelekea kusikojulikana.

Basi kosa la nani? Aliyeficha maana ndani ya rangi ("majibu yangu ni yale mekundu") amejitakia. Kanga ikichujuka pindo na mji, jina likisomeka, ujumbe umefika. Ila mstari wa kukata si pindo. Ukiuondoa, neno lililokanushwa hugeuka kuwa neno lililosemwa, na hapo siwatetei watengenezaji wa programu: heri wangelifuta neno lenyewe, au walitie alama yoyote ile, kuliko kulirudisha likiwa zima.

Siku hizi jamaa yangu huandika: "Bei ya zamani ilikuwa 9,000, sasa ni 7,000." Ule mstari mwekundu bado anautia. Anasema unapendeza.