Mafunzo ya kauli kwa wahudumu wa afya si anasa

Yakitajwa mafunzo ya mawasiliano kwa wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wengi huku Mtwara na Lindi hujibu: tuleteeni kwanza watu na dawa, kauli nzuri zitafuata. Hoja hiyo ina uzito. Muuguzi aliyeachwa peke yake zamu ya usiku hana muda wa kuketi na kila mgonjwa. Semina nazo humtoa kazini akashinde ukumbini mjini, foleni ya zahanati ikizidi kurefuka, na wapo wanaofuata posho tu.

Tatizo ni kwamba wanaosema hivyo wanayaona mawasiliano kuwa tabasamu na "karibu mama" basi. Nenda kwenye dirisha la dawa. Bibi anakabidhiwa pakiti tatu: "Hizi mbili asubuhi na jioni, hii usiku tu. Umeelewa?" Anaitikia ndiyo. Ataitikia hata kama hajashika kitu, maana anaona haya kumrudisha nyuma mtu wa hospitali, na mgongoni kwake kuna watu wanasubiri. Mhudumu aliyefundishwa humwambia: "Bibi, hebu nieleze, leo jioni utameza zipi?" Haimalizi hata dakika, na kosa linajitokeza palepale, linarekebishwa kabla hajaondoka. Akikosea akiwa nyumbani, presha ikampanda, ataletwa usiku akiwa hoi, na wa kumpokea ni yuleyule muuguzi aliye peke yake zamu. Uchache wa watumishi ndio hasa unaotulazimisha kufundisha jambo hili.

Halafu kuna busha. Mikoa yetu imeteswa miaka mingi na matende na mabusha, na busha linatibika kwa upasuaji. Lakini mzee wa Newala aliyezoea Kimakonde, akitafsiriwa na mkwewe, atasema anaumwa kiuno. Atataja vipi sehemu hiyo mbele ya mke wa mwanawe? Na akiitwa kwa sauti, "Wa busha apite huku," benchi zima likageuka kumtazama, usitegemee kumwona tena. Kumtafutia mkalimani mwanamume na kumwita kwa jina lake hakuhitaji bajeti.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Hao ndio watakaopiga hodi majumbani, wamkute mgonjwa amezungukwa na ndugu, na waulize mambo ya siri.

Wanaolalamikia semina za ukumbini nawaunga mkono. Mafunzo yahamie wodini na dirishani. Muuguzi kiongozi asimame pembeni asubuhi moja kwa wiki, asikilize mwenzake anavyoongea na wagonjwa, kisha wazungumze wawili faraghani. Na wakaguzi wanapofika zahanati, baada ya kuhesabu makopo ya dawa, wawaulize wagonjwa watano wanaotoka getini watakavyozimeza.