Fataki za harusi ya baridi ziwashwe saa kumi na moja jioni

Harusi ya mwisho ya majira ya baridi niliyoalikwa, fataki ziliwashwa saa sita usiku. Ndivyo ratiba ilivyosema, na kipengele hicho kilifuatwa kwa nidhamu ambayo haikuonekana kwingine kokote siku ile. Saa sita hiyo wazee walikuwa wameshaaga na watoto wamelazwa kwenye viti vilivyounganishwa. Sisi tuliobaki tukatolewa kwenye ukumbi wenye joto na kusimamishwa kwenye baridi ya kukata masikio, bila makoti, maana yalikuwa yamefungiwa chumbani na mwenye ufunguo hajulikani alipo. Bibi harusi alizitazama fataki zake akiwa amejifunika koti la mpiga picha. Nilimhurumia, ingawa aliyezilipia nilimhurumia zaidi.

Nikabaki najiuliza: giza limeingia tangu jioni, tulikuwa tunangoja nini?

Wanaopanga harusi ya Desemba au Januari katika nchi za kaskazini hulalamika kwamba mchana ni mfupi. Ni kweli. London, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Stockholm hata saa tisa halifiki. Lakini ufupi huo ndio zawadi yenyewe. Anayeoa Julai akitaka fataki hana budi kusubiri hadi usiku uingie, na usiku wa kiangazi huko haujui kuharakisha. Wa Desemba amepewa anga jeusi saa kumi na moja jioni, wageni wote wapo, bibi yake mzee bado yuko macho, na viatu vipya havijaanza kuuma.

Mimi ningeipanga siku hivi. Ndoa ifungwe saa sita au saa saba mchana. Picha za nje zipigwe papo hapo, mwanga ungalipo, na betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili kwa sababu baridi huzimaliza haraka. Kisha watu waingie ndani, wapate kinywaji cha moto. Saa kumi na moja watoke na makoti yao, watazame fataki, warudi moja kwa moja mezani. Hapo fataki zinakuwa mlango wa kuingilia karamu, na atakayetaka kuondoka mapema ataondoka ameshaona.

Na ziwe za dakika saba, si ishirini. Usiku wa baridi usio na upepo, hewa baridi hutulia chini na moshi hukwama humo humo. Ukizidisha muda, mnaanza kutazama wingu la kijivu linalomulikwa kwa ndani. Upepo mdogo husaidia, mradi wageni wasimame upande unakotokea, la sivyo moshi wote ni wao.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: rangi. Harusi za baridi hupenda buluu ya barafu, na bwana na bibi harusi hutaka fataki zifanane na mapambo. Nyekundu hutokana na strontiamu, kijani na bariamu, na zote mbili hutoka vizuri. Buluu hutokana na shaba, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu moto ukizidi kidogo tu, kile kinachotoa rangi hiyo huvunjika na buluu hupauka. Ningechukua fedha na dhahabu nikatulia. Juu ya theluji zinapendeza kuliko upinde wa mvua mzima.

Saa ya mapema inaokoa pia ugomvi na majirani, wanyama wao na sheria. Uingereza, kwa mfano, fataki haziruhusiwi baada ya saa tano usiku isipokuwa siku chache, kama mkesha wa mwaka mpya. Popote ulipo, uliza kanuni za hapo na msimamo wa mwenye ukumbi kabla ya kulipa hata malipo ya awali, na kazi ya kuwasha mwachie fundi mwenye kibali. Mjomba aliyewahi kuwasha fataki mara mbili si fundi.

Mapambo sitayasemea sana, majira yameshapamba. Matawi ya misonobari, mishumaa mingi, shali kwenye kikapu mlangoni: inatosha. Theluji ya bandia siipendi hata kidogo. Nyeupe tayari anayo bibi harusi, na iliandamana na baridi zamani: Malkia Victoria, ambaye gauni lake lilichangia sana kuifanya nyeupe kuwa rangi ya maharusi, aliolewa tarehe 10 Februari 1840. Shada la maua libaki ndani wakati wa fataki. Petali zikipigwa na barafu hugeuka kahawia.

Mkiamua kuwapa wageni zile fataki ndogo za mkononi, wekeni ndoo za mchanga pande zote mbili za njia. Cheche zake huzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, na waya hubaki wa moto baada ya mwanga kuzimika. Mtu aelekezwe mapema kazi yake iwe moja tu: kuishika shela.