Uvivu wa Akira Toriyama

Goku, shujaa wa hadithi ya vibonzo ya Kijapani iitwayo Dragon Ball, alipogeuka kuwa Super Saiyan (umbo lake jipya lenye nguvu kubwa) mwaka 1991, nywele zake nyeusi ziliwaka dhahabu. Hiyo ni kwenye televisheni. Jaridani, ambako kurasa nyingi za hadithi huchapwa kwa wino mweusi peke yake, hapakuwa na dhahabu. Nywele ziliachwa nyeupe, karatasi tupu. Mchoraji wake, Akira Toriyama, alieleza baadaye kwamba msaidizi wake alikuwa akipoteza muda mwingi kujaza wino kwenye kichwa cha Goku, na mageuzi yale yalimpunguzia kazi. Picha ambayo watoto wa nchi nyingi wameichora nyuma ya madaftari yao ilitokana na mtu aliyetaka kumaliza mapema akalale.

Kisa hiki husimuliwa kama mzaha. Mimi nakiona kinagusa ubishi ambao mashabiki wake hawajaumaliza hata baada ya yeye kufariki Machi 1, 2024, akiwa na miaka 68. Wapo wanaosema mchoraji huyu alifanya kazi ya maana hadi mwaka 1995, kisha akajikalia, akibuni sura za wahusika wa hadithi za watu wengine. Na wapo wanaosema kubuni wahusika ndiyo kazi aliyoumbiwa, na kwamba ile manga (si manga ya pilipili, ni vibonzo vya Kijapani) ilikuwa mzigo uliomchelewesha.

Kwanza tuwape haki yao wanaolalamika. Toriyama, mzaliwa wa mkoa wa Aichi, aliacha kazi katika ofisi ya michoro ya matangazo mjini Nagoya, akachapishwa mara ya kwanza katika Weekly Shonen Jump, jarida la manga la kila wiki, mwaka 1978. Mhariri wake, Kazuhiko Torishima, alikuwa hodari wa kukataa. Kazi zilirudishwa moja baada ya nyingine, mamia ya kurasa. (Kijana alilipiza: jitu baya la Dr. Slump, hadithi yake ndefu ya kwanza, liitwalo Dk. Mashirito, ni jina la Torishima lililopinduliwa silabi, na sura ni ya mhariri huyohuyo.) Dr. Slump ilianza 1980. Mwishoni mwa 1984 ikafuata Dragon Ball, iliyokwenda mpaka Mei 1995: sura 519, juzuu 42. Hiyo ni miaka 15 ya kupeleka kazi kila wiki, kwa muda mwingi akiwa na msaidizi mmoja tu. Dragon Ball ilipokaribia kuisha, jarida lilikuwa limefikia nakala zaidi ya milioni 6 kwa toleo.

Baada ya hapo hakuanzisha tena hadithi ndefu. Cowa!, Kajika, Sand Land, Jaco: kila moja juzuu moja, basi. Alikuwa na miaka 40 alipoweka kalamu ya kila wiki chini.

Na kilichopotea si kidogo. Fungua pambano lolote la Dragon Ball, funika maneno yote kwa kiganja, bado utajua nani kapigwa, kapigwa na nani, kaangukia upande gani. Jicho linashuka ukurasani bila kujikwaa. Wachoraji wengi wa mapigano humwaga mistari mpaka msomaji hajui mguu ni wa nani, Toriyama alipunguza. Ni kweli kwamba alikiri kupeleka mapigano jangwani, kwenye majabali, ili asihangaike kuchora majengo, na kwamba mji ulioteketezwa mapema ni mji asiolazimika kuuchora tena. Lakini matokeo yake ni uwanja mpana wenye miili miwili tu, na macho hayana pa kupotelea. Ustadi huo wa kupanga ukurasa hauhamishiki. Mwendelezo wake, Dragon Ball Super, ulipoanza kuchorwa mwaka 2015, yeye alitoa muhtasari wa hadithi, kalamu akaishika mchoraji mwingine, Toyotarou. Sura ni zilezile, lakini ukurasa haupumui vile.

Sasa upande wa pili, ambao kwa maoni yangu huelezwa vibaya hata na wanaoutetea. Wao hutaja majina ya michezo ya video na mauzo yake, kana kwamba umaarufu ni hoja. Hoja yenyewe ni tone la buluu.

Dragon Ball ikiwa bado changa, Torishima alimuunganisha Toriyama na Yuji Horii, aliyekuwa akiandika habari za michezo ya video katika jarida hilohilo na akitengeneza mchezo uitwao Dragon Quest, uliotoka mwaka 1986. Horii alichora mwenyewe rasimu za mazimwi. Dhaifu kuliko wote aliitwa Slime, na kwenye rasimu alikuwa kama tope lililorundikana. Toriyama akarudisha tone moja lenye ncha juu, macho mawili ya duara na tabasamu. Kumbuka Famicom, mashine ya michezo ya video ya wakati ule, ilikuwa na vidoti vichache na rangi chache. Tope lenye mikunjo lingeonekana uchafu wa skrini. Tone lilionekana tone. Na huyu ndiye adui wa kwanza, unayemuua mara mia ili upate nguvu za kuendelea, lakini amekuwa nembo ya mfululizo mzima. Toriyama alibuni wahusika wa Dragon Quest zote kuu hadi ya 11, mwaka 2017. Chrono Trigger, mchezo mwingine aliobunia wahusika, ilitoka Machi 1995, miezi miwili kabla Dragon Ball haijafika mwisho, kwa hiyo habari ya kwamba alihamia kwenye ubunifu baada ya kuchoka si sahihi. Alikuwa akifanya zote mbili kwa karibu miaka tisa.

Udhaifu upo, na watetezi hupenda kuuruka: binadamu wake ni wa ukoo mmoja. Mweke Crono wa Chrono Trigger karibu na Goku, badilisha nywele, uniambie tofauti. Katika hadithi yake mwenyewe jambo hilo halisumbui, maana anaweza kumtambulisha mtu kwa kitendo. Katika mchezo wa mtu mwingine, ambako sura ndiyo karibu yote aliyoombwa, linaonekana. Aliponawiri ni kwenye mazimwi na mashine. Pikipiki zake, ndege zake, kile kifaru cha vita cha Sand Land kilichochorwa kwa mapenzi ya mtu anayejua kila msumari uko wapi. Hapo uvivu wote ulitoweka.

Ndiyo maana sikubaliani na anayezikata kazi hizi mbili kwa panga mwaka 1995. Mkono uliokataa kujaza wino kwenye nywele ndio uliolipunguza tope likawa tone. Ila ratiba ya wiki ilimlazimisha kupunguza, na alipunguza vizuri kwa sababu alibanwa. Baada ya 1995 hakubanwa tena na mhariri aliye mlangoni. Wanaolalamika wamekosea wanapoita miaka ile 29 mapumziko. Hawakukosea kusema kwamba hakuna ubunifu wa sura ungeweza kufidia kurasa ambazo hakuzichora.

Na sura, tofauti na ukurasa, huendelea bila mwenyewe. Oktoba 2024, miezi saba baada ya kifo chake, katuni ya televisheni Dragon Ball Daima ilianza kurushwa Japani kwa hadithi na sura alizoziacha. Novemba ikatoka Dragon Quest III iliyotengenezwa upya, vidoti vingi, mwanga wa jua, nyasi zinazotikisika. Jina la Bird Studio, ofisi yake, liko kwenye mstari wa hakimiliki kama zamani (tori ni ndege kwa Kijapani). Unatoka nje ya mji wa kwanza, hatua chache tu, na Slime anakuja: ncha juu, macho mawili, tabasamu. Hakuna aliyemwongezea mstari.