Programu ya kugeuza skima itutajie inachokiacha

Programu za kugeuza skima za data, yaani maelezo ya namna data inavyopangwa na kanuni zake, ziko nyingi sasa, na kadhaa ni za bure. Unazipa majedwali ya SQL, lugha ya hifadhidata, zinakutolea JSON Schema, skima ya data inayotumwa kati ya mifumo kwa muundo wa JSON. Unazipa XML Schema, skima ya mafaili ya XML, zinakutolea ontolojia ya OWL, yaani maelezo ya maana na uhusiano wa vitu ambayo kompyuta huyatumia kufikia hitimisho. Huku Nyanda za Juu Kusini tunazihitaji kweli. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi ina mfumo wake, mnunuzi wa viazi Rungwe ana wake, kiwanda cha chai Mufindi nacho kina wake, na mkulima anaandikwa upya kila aendako. Nazitumia na ninazipenda. Ninachopinga ni ukimya wake: zinageuza, zinasema tayari, na hazitaji kilichobaki njiani.

Chukua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Programu inayokisia aina ya data kwa kutazama faili huona tarakimu tupu na kuiita namba. Lakini namba kamili ya biti 64 kwenye hifadhidata huishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Hifadhidata angalau itagoma. JavaScript, lugha ya programu za wavuti, haigomi: namba zake kamili ni za uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, na ukivuka hapo tarakimu za mwisho hukadiriwa. Wakulima wawili ambao namba zao zinatofautiana mwishoni wanaweza kugeuka mtu mmoja. Namba ya simu nayo hupoteza sifuri ya mbele. Vyote hivi vilipaswa kubaki maandishi.

Uhusiano kati ya majedwali unaniuma zaidi. Kwenye SQL, ufunguo wa kigeni, yaani safu inayoelekeza kwenye jedwali lingine, unalinda kanuni kwamba kila mzigo uliopimwa ni wa mwanachama aliyeandikishwa. JSON Schema haina neno la kusema hivyo. Haina hata njia ya kukataza wanachama wawili kwenye orodha moja wasishike namba moja ya uanachama, kwa sababu uniqueItems, kanuni yake ya kuzuia marudio, hulinganisha kumbukumbu nzima, na jina likitofautiana herufi moja tu zinapita zote mbili. Kanuni inafutika, faili linaonekana safi, na siku ya malipo kilo za mtu hazina mwenyewe.

OWL ina hatari ya aina nyingine. Ukisema mkulima ana kata moja tu, kisha data ikampa Kiwira na Isongole, hifadhidata ya kawaida ingekataa ingizo la pili. OWL itahitimisha kwamba Kiwira na Isongole ni kata ileile, isipokuwa umeieleza kuwa ni tofauti. Sentensi imegeuzwa sawasawa, ila kazi yake imebadilika kabisa.

Halafu kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Safu yenye jina “magunia” ni namba kamili kwenye SQL, kwenye Avro (muundo mwingine wa data), kwenye XML Schema. Itavuka mipaka yote bila kasoro. Je, ni gunia lililopimwa kwenye mizani au lililoshonewa kilemba juu? Aina ya data haijui. Hilo hukaa kwenye maelezo ya safu, na programu inayotupa maelezo hayo imetupa jasho la mkulima wa viazi.

Kwa hiyo nataka programu isimame kila inapokuta kanuni isiyoweza kubebwa, na isiendelee mpaka mtu akubali. Igeuze kwenda, igeuze kurudi, kisha ilinganishe skima ya mwanzo na iliyorudi na kutoa orodha ya tofauti. Kurudi salama hakuthibitishi maana, najua, lakini ufunguo uliopotea utaonekana hapo. Viongozi wa AMCOS wanaonunua mifumo waidai orodha hiyo kwenye mkataba, kabla ya malipo. Na iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, ili karani wa mizani naye aisome, maana mtaalamu wa kompyuta aliyekaa mjini hawezi kujua gunia lile lilikuwa la namna gani.